Gakaara wa Wanjau na Maabara ya Athi River

Walimu wa fasihi na wa historia wanapofika kwenye mada ya serikali kuwapeleleza raia wake, na ya vyombo vya habari kuwatia watu kasumba, aghalabu huvuka bahari kutafuta vielezo. Humtaja Mwingereza George Orwell, ambaye riwaya yake kuhusu utawala unaomwangalia mtu hata chumbani mwake ilitolewa mwaka 1949, na ambaye hadithi yake nyingine inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama. Huitaja Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin. Vielezo hivyo vina haki ya kutajwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Athi River ambaye kila asubuhi hupita mbele ya malango ya EPZ, wakati maelfu ya wafanyakazi wanapoingia viwandani kushona nguo za kuuzwa ng'ambo, hana haja ya kwenda London wala Berlin kutafuta kielezo. Mji anaokaa uliwahi kuwa maabara ya kazi hiyo hiyo.

EPZ ni jambo la juzi. Sheria iliyoianzisha ilipitishwa mwaka 1990, na viwanda vyake vikajengwa kwenye uwanda ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa mifugo na wanyama wa porini. Karibu miongo minne kabla ya sheria hiyo, Athi River ilijulikana kwa stesheni ya reli, kwa kiwanda cha nyama cha KMC kilichoanzishwa mwaka 1950, na kwa kambi ya kuwazuilia watu waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1953. Kati ya kambi zote za Hali ya Hatari, ndiyo iliyochaguliwa mapema kwa jaribio la pekee: kubadili akili za watu kwa maneno. Miongoni mwa waliopitishwa humo alikuwamo mtu ambaye maneno yalikuwa ndiyo riziki yake. Jina lake ni Gakaara wa Wanjau, na maisha yake yanastahili kusimuliwa upya kwa vijana wetu.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Gakanduini, Nyeri, kwenye himaya ya misheni ya Tumutumu. Babake, Johana Wanjau, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuwa wachungaji wa kanisa la Kipresbiteri katika sehemu hiyo. Hivyo mtoto alilelewa katika nyumba ya kitabu na sala, akajifunza mapema kwamba neno lililopigwa chapa lina uzito kuliko neno la mdomoni. Alibahatika kupata nafasi katika Shule ya Upili ya Alliance, ambayo wakati huo ilikuwa kilele cha elimu kwa Mwafrika wa Kenya. Mwaka 1940 alifukuzwa kutokana na mgomo wa wanafunzi. Akajiandikisha katika jeshi la Mwingereza, akawa karani katika vita vilivyomfikisha Ethiopia, kisha akarudi nyumbani na kuona yale ambayo askari wengi wa Kiafrika waliyaona: kwamba waliotumwa kupigania uhuru wa wengine hawakuwa na uhuru wao wenyewe, na kwamba shukrani waliyoandaliwa ilikuwa kipande kilekile na mshahara uleule.

Ni vyema kukumbuka kipande hicho, kwa maana ndicho kielezo cha kwanza cha upelelezi katika nchi hii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kubeba hati yenye alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake. Hati hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma, na wengi wakakivaa shingoni. Karani au askari aliweza kumsimamisha mtu njiani na kusoma maisha yake yote kwa dakika moja. Mzungu hakuwa na wajibu wa namna hiyo.

Katika mwaka 1946 Gakaara na wenzake waliunda shirika lao la waandishi na kuanza kutoa vijitabu kwa lugha ambazo watu wa kawaida walizisoma. Kijitabu chake cha awali kilihusu mambo ya uchumba na ndoa. Lakini mwaka 1948 alitoa kwa Kiswahili kijitabu cha siasa, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, kilichowahimiza Waafrika wajikaze na kudai haki yao. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana jambo la kujivunia. Mwandishi huyu anayejulikana zaidi kwa Kikuyu alipotaka kusema na Waafrika wote wa Kenya, alichagua Kiswahili.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya magazeti mengi madogo ya Kiafrika, baadhi yakipigwa kwa mashine za wachapishaji wa Kihindi jijini Nairobi. Magazeti yaliyotawala soko yalikuwa ya Wazungu. Hata Baraza, gazeti la Kiswahili lililosomwa sana tangu mwaka 1939, lilikuwa mali ya wenye East African Standard. Magazeti madogo ya akina Gakaara ndiyo yaliyompa msomaji habari kutoka upande wa pili. Serikali ilijua hivyo, ikayasoma kwa makini kuliko wasomaji wake wa kawaida. Mwaka 1952 Gakaara alitoa maandishi mafupi yaliyofuata mtindo wa kanuni ya imani ya Kikristo, ila imani iliyotangazwa ilikuwa ya Gikuyu na Mumbi, wazazi wa jadi wa Wakikuyu, na ya haki yao juu ya ardhi. Mwana wa mchungaji alikuwa ametwaa chombo alichopewa na misheni akakitumia kwa kazi nyingine. Machoni pa makachero maandishi hayo yalitosha.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na kabla ya jua kuchomoza askari walikuwa wamezunguka na orodha ya majina wakiwakamata viongozi, Jomo Kenyatta akiwa wa mbele yao. Orodha kama ile haiandikwi kwa usiku mmoja. Ilitokana na kazi ya miezi mingi ya idara ya upelelezi: mikutano iliyohudhuriwa na wapasha habari, barua zilizofunguliwa njiani, vijitabu vilivyotafsiriwa na kuwekwa katika majalada. Gakaara alikuwamo katika orodha hiyo. Hakuwa amemwaga damu ya mtu. Kosa lake lilikuwa uandishi. Papo hapo magazeti ya Kiafrika, hasa ya Kikuyu, yakaanza kupigwa marufuku, na uwanja wote wa habari ukabaki mikononi mwa serikali na walowezi.

Matokeo ya uwanja kubaki na mwenyewe mmoja yanaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Katika miaka yote ya vita vile, raia wa Kizungu waliouawa na Mau Mau walikuwa 32. Waafrika waliouawa kwa kuhesabiwa kuwa Mau Mau, kwa takwimu za serikali yenyewe, walizidi 11,000, na walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walizidi 1,000. Waafrika waliokuwa upande wa serikali nao waliuawa kwa wingi. Lakini msomaji wa magazeti ya London, au mtazamaji wa filamu Simba iliyotolewa mwaka 1955, aliachwa na picha moja tu akilini: nyumba ya mlowezi usiku, na panga mlangoni. Vifo vile 32 vilikuwa vya kweli, na vingine vilikuwa vya kutisha mno. Kasumba haikuhitaji kubuni uongo. Ilitosha kuonyesha kifo kimoja kwa sura na jina, na kuvificha vingine katika tarakimu.

Gakaara alipelekwa kwanza Kajiado, kisha kisiwani Manda katika funguvisiwa la Lamu, na baadaye Takwa kisiwani humo humo. Takwa ni jina la mji wa kale wa Waswahili ambao magofu yake ya karne za 15 hadi 17 yangali yamesimama. Wafungwa wa huko walihesabiwa kuwa vichwa vya harakati, wakatengwa na wengine kama wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Mkewe, Shifra Wairire, naye alikamatwa, akazuiliwa Kamiti. Hata hivyo, kisiwani Gakaara alianza kufanya jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa na thamani kuliko vijitabu vyake vyote. Alianza kuandika shajara kwa siri. Aliandika nani ameletwa na nani ameondolewa, chakula kilikuwaje, afisa gani aliahidi nini na akatimiza nini, nani alipigwa. Mtu aliyeandikwa katika majalada ya polisi naye alikuwa amefungua jalada lake.

Huko bara, upelelezi ulikuwa umegeuka kuwa utaratibu wa maisha. Aprili 24, 1954, jeshi lilizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, likawakusanya maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru ili wachujwe. Katika mchujo wa namna hiyo mtu alipitishwa mbele ya wapasha habari waliofunikwa gunia kutoka kichwani, wenye matundu mawili ya macho, na ambao kwa kutikisa kichwa tu waliweza kumtia kizuizini. Wakikuyu waliwaita gakunia. Aliyetuhumiwa hakumjua mshitaki wake, hakusikia tuhuma, na hakupewa nafasi ya kujibu. Waliokamatwa walipangwa kwa rangi: weupe wa kuachiliwa, wa kijivu wa kurekebishwa, na weusi walioonekana kuwa sugu. Rangi hizo hazikuwa za ngozi. Zilikuwa kipimo cha fikira za mtu, na kipimo kilishikwa na askari.

Ndipo tunapofika Athi River. Mwaka 1953 serikali ilimtuma afisa wake wa maendeleo ya jamii, Thomas Askwith, kwenda Malaya kuona jinsi Waingereza walivyowashughulikia wafungwa wa vita vya huko. Alirudi na mpango wa kuwarekebisha wafungwa kwa elimu, kazi, dini na ungamo. Serikali nayo ilipenda kuamini kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa wa akili. Mwaka 1954 ilichapisha ripoti ya daktari J. C. Carothers iliyoyaeleza maasi hayo kwa saikolojia. Ukikubali kwamba mtu anayedai shamba lake ni mgonjwa, huna haja tena ya kuzungumza naye juu ya shamba. Unamtafutia tiba tu.

Tiba ya Athi River ilikuwa ya maneno. Wafuasi wa harakati ya Moral Re-Armament, iliyoanzishwa na Mmarekani Frank Buchman, waliingia kambini kuhubiri ukweli, usafi wa moyo, kutojipendelea na upendo. Vipaza sauti vilitangaza habari zilizochaguliwa na wakuu wa kambi. Kulikuwa na mahubiri, masomo ya uraia, michezo ya kuigiza na gazeti la kambi. Waliokwisha kukiri kiapo waliletwa mbele ya wasiokiri ili wawashawishi. Mfungwa hakuwa na redio nyingine ya kulinganisha, wala gazeti lingine, wala barua isiyopita mikononi mwa msomaji wa serikali. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, nao ulikuwa ungamo.

Gakaara aliletwa Athi River baada ya miaka ya kukataa. Hapa ndipo maisha yake yanapokuwa magumu kuyasimulia kwa mtu anayependa mashujaa wasio na doa. Alikiri kwamba alikula kiapo. Kisha akakubali kuitumia kalamu yake katika kazi za kambi: akaandika michezo iliyoigizwa mbele ya wafungwa wenzake na kufanya kazi katika gazeti lao. Wakuu walikuwa wamegundua kile kinachogunduliwa na kila utawala wa aina hiyo, kwamba propaganda inayoandikwa na mgeni hunuka ugeni, na kwamba anayehitajika ni mwandishi wa nyumbani anayejua utani, methali na mapigo ya lugha.

Je, tumwite msaliti? Mwenye kuuliza swali hilo akiwa ameketi sebuleni na alipime kwanza. Mtu huyu alikuwa amekaa kizuizini miaka kadhaa bila hukumu ya mahakama, mkewe naye kizuizini, na watoto wake wakihitaji mzazi. Aidha, ni yeye mwenyewe aliyetuachia habari hizi. Angeweza kuyafuta mambo ya Athi River katika shajara yake na kubakiza ushujaa wa Manda peke yake, lakini aliyaacha yasomwe. Kwa sababu hiyo tunaweza kuona, hatua kwa hatua, jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofikishwa mahali pa kusema asiyoyaamini. Njaa hufanya kazi yake, upweke hufanya yake, na tumaini la kwenda nyumbani hufanya kubwa zaidi. Mgala muue na haki yake umpe: mwandishi huyu aliinama, kisha akaandika kwamba aliinama.

Michezo aliyoiandika kambini nayo haikuwa mali ya wakuu peke yao. Msamiati wa toba, wa kijana mpotevu arudiye nyumbani, wa mume anayejenga upya boma lake, ulikuwa msamiati ambao wafungwa walikuwa na haja nao kwa sababu zao wenyewe. Mkuu wa kambi alisikia raia mtiifu akizaliwa. Mfungwa aliweza kusikia baba akirudi kwa wanawe na kwa ardhi yake. Maneno yale yale yalibeba mizigo miwili, na hakuna kipaza sauti kilichoweza kuamua msikilizaji apokee upi.

Jaribio la maneno halikudumu kuwa la maneno tu. Kadiri wafungwa sugu walivyobaki wengi, ndivyo fimbo ilivyozidi kuchukua nafasi ya mahubiri. Askwith, aliyelalamikia ukatili makambini, aliondolewa jukumu la urekebishaji mwaka 1957, na katika kambi za Mwea nguvu ikawa mbinu rasmi. Machi 3, 1959, kambini Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa magazeti ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kipigo. Kwa siku kadhaa ulimwengu uliambiwa kwamba maji yanaua, na wapo walioamini, kwa kuwa taarifa ilikuwa na muhuri.

Gakaara naye alipitishwa Hola baada ya Athi River, kisha akaachiliwa wakati Hali ya Hatari ikielekea ukingoni. Hakuacha uandishi. Alianza upya biashara ya vitabu na uchapaji, akaihamishia Karatina katika miaka ya 1970, na humo akachapisha vitabu vya shule, nyimbo, jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi, na hadithi za kuchekesha za Wa-Nduuta ambazo zilisomwa na watu wasiopata kuingia duka la vitabu la Nairobi. Aliishi maisha ya mchapishaji mdogo: wino vidoleni, madeni ya karatasi, na wasomaji wanaolipa kidogo kidogo.

Mwaka 1983 shajara yake ilichapishwa kwa Kikuyu kwa jina Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ. Mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Noma, heshima ya juu ya uchapishaji barani Afrika wakati huo, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988. Kati ya tuzo na tafsiri likatokea jambo ambalo lingemfanya msomaji acheke kama lisingekuwa la kuhuzunisha. Mwaka 1986, katika msako wa kundi la Mwakenya, makachero wa serikali ya Kenya huru walimkamata mzee huyu wa miaka 65 wakamhoji. Nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu mwaka 1982, na taarifa ya habari ya redio ya taifa ilifunguliwa kwa shughuli za Rais kabla ya jambo jingine lolote. Chombo alichokijenga mkoloni kilikuwa kimebadilisha mwenyewe. Majalada, wapasha habari, sheria ya kumweka mtu ndani bila mashitaka: vyote vilirithiwa pamoja na viti na meza za ofisi. Gakaara aliaga dunia mwezi Machi mwaka 2001. Marufuku ya kisheria juu ya Mau Mau ilikuja kuondolewa mwaka 2003, naye hakuiona siku hiyo.

Kuna sura moja zaidi ambayo hakuiishi. Mkoloni alipoondoka Kenya mwaka 1963, nyaraka nyingi za siri zilichomwa na nyingine zikasafirishwa kwenda Uingereza. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba majalada hayo yalikuwa yamefichwa Hanslope Park kwa karibu nusu karne. Juni 2013 ikatangaza majuto yake na malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Hesabu miaka: shajara ya Gakaara ilikuwa imekwisha kusomwa na Wakenya kwa miaka 28 wakati majalada ya waliompeleleza yalipofunguliwa. Aliyechunguzwa alitangulia kutoa ushahidi wake, na aliyechunguza akaukalia wa kwake mpaka alipobanwa.

Tukirudi penye malango ya EPZ, ni lazima tuwe waadilifu. Kiwanda si kambi. Mfanyakazi huingia kwa hiari, ingawa hiari ya mwenye njaa ina mipaka, na huweza kugoma, kama maelfu ya wafanyakazi wa EPZ walivyofanya mwaka 2003. Pekuzi za malangoni na kamera za ulinzi zina sababu zake, na wezi wapo. Lakini mwanafunzi anayekulia kando ya seng'enge ile anaishi katika nchi ambamo macho ni mengi kuliko ya zama za kipande. Simu iliyo mfukoni mwake inajua alipolala. Machi 2018, wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica walinaswa na kamera ya siri wakijivunia kazi waliyoifanya katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2013 na wa 2017. Sheria ya kulinda data ya mtu binafsi tuliipata mwaka 2019, ila sheria haimfundishi mtu kuhoji anachokisoma. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Kwa hiyo makala haya yanawapendekezea walimu vielezo vitatu kutoka katika maisha haya. Cha kwanza ni kipande na gunia: darasa lijadili ni nani anayeona na ni nani anayeonwa, na kama anayeonwa ana njia ya kumjua na kumjibu anayemwona. Cha pili ni taarifa ya Hola: wanafunzi wapewe dai la maji na matokeo ya uchunguzi wa maiti, kisha waulizwe ni kitu gani katika taarifa ya kwanza kingepaswa kuwashtua. Cha tatu, ambacho ni kigumu zaidi, ni Gakaara mwenyewe akiandika michezo ya kambi mchana huku shajara yake ikiwa mafichoni. Hicho kitafaa kuwaonyesha kwamba kasumba haiwapati wajinga peke yao, na kwamba aliyeshindwa kusema ukweli leo anaweza bado kuuhifadhi kwa ajili ya kesho.

Isiwe kwamba shajara nayo inasomwa kama msahafu. Ina macho ya mwenyewe, ina watu inaowapenda na inaowachukia, na mwalimu mzuri ataiweka mezani pamoja na kumbukumbu za wafungwa wengine na za maafisa wa kambi. Kisha na awaombe wanafunzi wake kazi ndogo ya nyumbani: kila mmoja aandike kwa wiki moja yale aliyoyaona kwa macho yake mtaani, sokoni au kwenye lango la kiwanda anakofanya kazi mzazi wake, ayaweke kando ya yale yaliyotangazwa kuhusu wiki hiyo hiyo, na aone kilichoachwa nje.